Picha za Desemba ambazo mdogo wangu hakuzitaka

Mdogo wangu aliondoka Nairobi kwenda Marekani mwaka 2019, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani. Anaishi Minneapolis, anahudumia wazee kwenye makao yao kwa zamu ya usiku, na karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika kiasi cha kumruhusu atoke na kurudi bila wasiwasi. Basi kila Desemba mimi, dada yake mkubwa, ndiye macho yake. Familia ikikusanyika, napiga picha, natuma.

Kwa miaka minne niliifanya kazi hiyo nikidhani naifanya vizuri. Desemba ya 2023 ndiyo iliyonionyesha nilivyokuwa nakosea, na nililipia: televisheni, simu, mtungi wa gesi, wiki kadhaa za kununiana na wifi yangu, na picha moja ambayo siwezi tena kuipata kama ilivyokuwa. Naandika haya likizo ikikaribia kwa sababu najua simu nyingi zitapanda mabasi na treni mwezi huu, na sitaki mwenzangu apite nilikopita mimi.

Nakaa Donholm, nyumba ya kupanga, orofa ya tatu, mimi na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Taita, juu Wundanyi. Anayeijua Nairobi anajua mwanzo wa Desemba ulivyo: shule zimefungwa, watoto wamejaa kwenye ploti, na kila mtu anahesabu siku za kwenda ushago. Nilikwenda Marikiti alfajiri kununua vitunguu na viungo vya pilau, nikaenda Gikomba kutafutia watoto nguo za Krismasi, na kote huko nilikuwa napiga picha. Nyingi zilitoka na ukungu. Nilidhani kamera imeharibika, kumbe ni mafuta ya jikoni na vumbi vilivyoganda kwenye kioo chake. Futa kamera kwa kitambaa laini kila asubuhi. Huo ndio ushauri rahisi kuliko wote nitakaotoa hapa, na pengine ndio unaosaidia zaidi.

Jumapili ya tarehe 10 umeme ulipotea karibu nchi nzima, mara ya tatu ndani ya miezi minne. Tuliwasha mshumaa, watoto wakaanza kutengeneza sungura na mbwa ukutani kwa vivuli vya vidole. Nilipiga picha moja ya haraka, haikukaa sawa, kichwa cha mume wangu kimekatwa, nikaituma kwa mdogo wangu pamoja na zile za sokoni. Katika picha zote za wiki ile aliijibu hiyo peke yake. Aliandika, "Hata mimi nilikuwa natengeneza yule mbwa." Sikutia maanani. Niliona ni picha mbovu aliyoionea huruma.

Tiketi za treni nilizikata kwa *639# katikati ya Novemba, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa maana majirani waliosubiri hadi Desemba waliambiwa viti vimeisha. Wakati huo daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilikuwa shilingi 1,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na sisi tunaoshuka Voi hulipa pungufu ya hapo. Kama unasafiri na familia, kata mapema na uweke jina la kila mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu pale stesheni ya Syokimau wanakagua. Utapanga mizigo chini mstari mmoja, mbwa wa polisi wapite wainuse, kisha mashine, kisha mashine nyingine. Fika saa nzima kabla. Treni inayosimama vituo vyote huondoka saa mbili kamili asubuhi na haimngoji mtu.

Safari yenyewe ilikuwa tamu. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu Oktoba, na Tsavo, ambayo nimezoea kuiona imekauka kama ngozi, ilikuwa kijani hadi macho yanachoka. Kabla ya Voi watoto wakapiga kelele: ndovu, kundi zima, wekundu kwa ule udongo wanaojipaka. Reli imeinuliwa juu ya tuta na kuachiwa mapito ya wanyama chini, kwa hiyo unawaona ukiwa juu yao kidogo. Picha zangu za kwanza zilikuwa za sura yangu mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. Mzee aliyekaa mbele yetu ndiye aliyenifundisha: ibandike simu kwenye kioo chenyewe, kamera iguse, uzuie mwanga wa ndani kwa kiganja. Nikapata ndovu watatu na mtoto wao.

Kosa langu la kwanza nililifanya ndani ya treni ile, nikiwa na furaha tele. Kati ya Athi River na Voi niliweka picha 11 kwenye status ya WhatsApp. Watoto vitini. Tiketi mkononi. Mume wangu amelala. Ya mwisho niliandika juu yake: "Donholm kwaheri, tuonane mwakani." Simu yangu ilikuwa na nambari zaidi ya 600. Fundi bomba aliyekuja mara moja mwaka 2021, waendesha boda, wauza maji, vijana waliotuhamishia vitu, watu niliowasevu kwa jina la kazi tu kwa sababu sikuwahi kuuliza jina lao. Kila mmoja wao aliyekuwa amesevu nambari yangu pia nilimwambia kwamba nyumba yangu haina mtu, na haitakuwa na mtu hadi mwaka mpya.

Kutoka Voi tulipanda matatu kupitia Mwatate, barabara inajipinda kupanda milima na hewa inabadilika ukiwa njiani. Ukifika Wundanyi unatafuta sweta. Tulimkuta nyanya mlangoni pa jiko lake la zamani, amejifunga leso mbili, akiuliza kwa nini watoto wamekonda.

Krismasi niliisimamia kama mpiga picha wa kulipwa. Mjomba alichinja mbuzi, mama na mashangazi walipika pilau, vijana walipewa kazi ya chapati. Nilimsimamisha kila mtu. Niliwatoa watu jikoni wakiwa na unga mikononi wakavae nguo nzuri kwanza. Sahani nilizipanga upya ili nyama ionekane juu. Shangazi mmoja alisema chakula kinapoa, nikamwambia asubiri kidogo, moja tu ya mwisho. Nikajaza simu. Jioni nilimtumia mdogo wangu picha 43 kwa mkupuo.

Hakujibu. Siku hiyo hakujibu, na kesho yake asubuhi hakujibu. Tofauti ya saa kati yetu ni tisa majira yale: kwetu saa mbili asubuhi, kwake ni saa tano ya usiku uliotangulia. Nikasema yuko kazini. Jioni ya tarehe 26 akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoka kwenye sikukuu.

"Dada, picha nimeziona," akasema. "Ni nzuri. Lakini nyote mmekaa mnangoja kupigwa picha. Sioni nyumbani. Naona harusi ambayo sikualikwa."

Nilinyamaza. Nilitaka kukasirika, maana nilikuwa nimehangaika siku nzima kwa ajili yake. Kisha akauliza, "Ule mlango wa jikoni kwa nyanya bado upo?"

Ule mlango ni wa mabati. Babu alipobadilisha paa la nyumba kubwa alichukua bati moja kuukuu akaligongea kwenye fremu ya mbao, na matundu ya misumari ya paani yakabaki vilevile. Asubuhi jua likiupiga kwa nje na moto unawaka ndani, kila tundu hutoa mshale wa mwanga unaokata moshi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunalala kwenye gunia karibu na mafiga tukihesabu mishale hiyo tukisubiri uji. Nilikuwa nimepita kwenye mlango huo mara hamsini tangu nifike, na haikunipitia akilini kwamba ni kitu cha kupigwa picha.

Baada ya kukata simu alinitumia picha yake ya Krismasi. Miaka yote alikuwa ananitumia theluji: theluji juu ya gari, viatu vizito mlangoni, barabara nyeupe. Mimi najibu kwa alama za moyo. Mwaka ule Krismasi ya kwao haikuwa na theluji. Ilinyesha mvua, na joto lilivunja rekodi. Kwa hiyo hakuwa na theluji ya kunitumia, akanitumia meza yake. Sahani moja ya ugali, mchicha wa pakiti uliogandishwa, kikombe cha maji, kiti kimoja. Dirishani nyuma ya kiti kumekuwa giza totoro, naye aliandika kwamba ilikuwa saa kumi na moja jioni. Miaka minne, na ile ndiyo mara ya kwanza kuona mdogo wangu anakula wapi. Nilitoka nje nikalia penye mgomba ili watoto wasinione.

Tarehe 27 niliamka mapema nikaenda jikoni kwa nyanya. Sikumwambia akae vizuri. Niliingia nikakaa kwenye kigoda, nikamenya muhogo pamoja naye karibu saa nzima kabla ya kutoa simu. Hilo nalisema kwa uzito: mtu akikuona umeingia na simu mkononi, uso wake unafunga. Kaa kwanza. Fanya kazi iliyopo. Picha itakuja yenyewe.

Nilipoitoa, nyanya aliinua macho. "Hiyo inaenda kwa nani?"

Nikamtajia jina la mjukuu wake. Akafikiri kidogo, akarudi kwenye uteo wake wa maharagwe. "Mwambie kunde mwaka huu zimejaa," akasema. "Na mwambie ng'ombe alizaa."

Alikuwa anachambua maharagwe. Vidole vyake vimepinda, lakini kijiwe kidogo kuliko punje anakiona, anakitupa kwenye mkebe pembeni, na kila kimoja kinalia tik. Kisha alipika kimanga. Muhogo na maharagwe vilipoiva alimwaga maji, akateremsha sufuria chini, akaikanyaga masikio kwa nyayo zote mbili juu ya kitambaa ili isizunguke, akaanza kuponda kwa mwiko, mgongo umenyooka kama wa msichana. Nilipiga ile miguu. Nilipiga mkebe wa vijiwe. Nilipiga moshi unapopita kwenye mlango.

Picha za jikoni zina tabu yake. Mtu akiwa amekaa ndani na mlango uko nyuma yake, simu inautazama ule mwanga wa nje na uso unakuwa mweusi tii, hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Niliharibu kama kumi hivi kabla binti ya mjomba, wa kidato cha pili, hajanionyesha: gusa uso wa mtu kwenye skrini, subiri simu ijirekebishe, halafu ndiyo upige. Au hamia upande wa pili ili mwanga wa mlango umwangukie yeye. Usiwashe taa ya simu. Ile taa inaua moshi, inaua kila kitu, mtu anabaki kama amekamatwa usiku.

Siku hiyo nilituma picha sita tu, na kila moja nikaifuata na sauti fupi ya nyanya akieleza mwenyewe. Mdogo wangu alijibu zote. Ile ya nyanya na uteo, akiwa ametazama pembeni huku mwanga wa mlangoni umempiga shavuni, aliifanya ndiyo sura ya simu yake. Aliniambia alimwonyesha mzee mmoja anayemhudumia, na yule mzee, Mmarekani, akamsimulia juu ya mama yake mwenyewe aliyekuwa anachambua maharagwe hivyohivyo.

Wifi yangu, mke wa kaka, alinifuata kisimani tarehe 28. Siku ya Krismasi nilikuwa nimempiga mtoto wake wa miaka mitatu akioga kwenye karai, amejaa povu, anacheka. Niliiweka kwenye kundi la familia na kwenye status. Kundi letu lina watu 74. Ukinibana leo nikutajie wote, siwezi. Kuna wakwe wa wakwe mle. Mmoja wao aliipeleka kwingine, ikazunguka, na wifi akaonyeshwa picha ya mwanawe uchi na mtu anayefanya naye kazi Voi.

"Nani alikwambia uiweke?" akauliza. Hakupaza sauti.

Hapo nikakosea mara ya pili. Badala ya kuomba msamaha nikasema, "Lakini ni mtoto tu, wifi." Aliinua mtungi wake akaondoka, na kwa wiki tatu hakupokea simu yangu. Niliifuta picha, nikaandika kwenye kundi nikiwaomba wote waifute, lakini picha ikishatoka mkononi ni kama maji yaliyomwagika. Nilikwenda kumwomba radhi ana kwa ana Januari, nikiwa na mama, na bila kujitetea.

Baadaye nilisoma kwamba Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikuwa imeitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Sheria yenyewe ni ya 2019. Mambo ya kifamilia tu imeyaacha kando, kwa hiyo sidhani kuna ambaye angenishtaki mimi shangazi mtu. Lakini niliposoma nilijiuliza kwa nini shule inapaswa kumwomba wifi yangu ruhusa na mimi nisimwombe.

Tarehe 29 kabla ya chai, mlinzi wa ploti akapiga simu kutoka Donholm. Kufuli la mlango wetu limekatwa.

Tulirudi usiku uleule kwa basi, kwa nauli ya msimu, maradufu ya kawaida. Walichukua televisheni, kompyuta ya mume wangu, mtungi wa gesi wa kilo 13 na viatu vya shule vya watoto ambavyo vilikuwa bado kwenye boksi. Pamoja na kutengeneza mlango, hasara ilipita shilingi 90,000 kidogo. Polisi waliandika, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na mambo yakaishia hapo. Siwezi kuapa kwamba aliyetuibia aliona status yangu. Lakini ofisa aliyenihudumia aliniuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mliandika mahali kwamba mmesafiri?" Aliuliza kwa namna ya mtu ambaye ameshauliza hivyo mara nyingi wiki hiyo.

Tangu hapo picha za safari huwa naziweka nikisharudi. Ndovu wa tarehe 22 hapungui uzuri ukimwona tarehe 5. Na status nimeiwekea mipaka: ndani ya mipangilio ya faragha kuna mahali pa kuchagua watu watakaoona peke yao, nami nimechagua 31. Kazi yenyewe ilinichukua robo saa nikiwa nimekaa kwenye matatu.

Nilidhani mabaya yameisha. Tarehe 8 Januari, jioni, matatu yetu imekwama kwenye foleni ya Landhies Road, nimekaa dirishani natazama zile picha za jikoni. Mkono uliingia, simu ikatoka. Hata kupiga kelele sikuwahi. Nilishuka nikaazima simu ya mama muuza njugu nikafunga laini kwanza, kwa sababu ya M-Pesa. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Simu ilikuwa ya shilingi 26,000. Lakini usiku ule nilichokuwa nalilia ni kitu kingine. Nafasi ya bure ya Google, zile gigabaiti 15, ilikuwa imejaa tangu Agosti, na kila simu iliponikumbusha nilibonyeza "baadaye". Hakuna picha hata moja ya Desemba iliyokuwa imehifadhiwa kwingine.

Zilizobaki ni zile nilizomtumia mdogo wangu. Alinirudishia zote, 43 za harusi aliyokataa na sita za jikoni. Nilifurahi nikaona basi, tumepona.

Nyanya alifariki Machi 2024. Aliugua siku nne. Ilibidi mimi niliyeko Nairobi nishughulikie kitabu cha mazishi na ile picha kubwa ya fremu inayotangulia jeneza. Nilikwenda River Road, orofa ya pili, kwenye vile vyumba vya wachapaji ambavyo mashine hazilali. Familia nzima ilikuwa imekubaliana juu ya picha: ile ya uteo. Mdogo wangu hakutaka kusikia nyingine.

Kijana wa pale aliifungua kwenye kompyuta akaikuza. Akaikuza tena. Akanigeuzia skrini.

"Mama, hii ilipita WhatsApp," akasema. "Kwa kitabu itakaa sawa. Lakini nikiipanua kwa fremu, uso utakuwa vigae. Huna yenyewe?"

Yenyewe ilikuwa kwenye simu iliyoibwa. Aliyonayo mdogo wangu ilikuwa imebanwa hadi kilobaiti 140. Nilimwambia aichape hivyohivyo kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, na yule kijana alikaa nayo karibu saa nzima akiilainisha, hakunitoza hata shilingi ya muda huo. Ukiisimamia mbali unamwona nyanya. Ukisogea karibu, macho yake hayapo, ni madoa mawili ya kahawia. Mama yangu alisogea karibu. Nilimwona anasogea.

Mdogo wangu alifuatilia mazishi kwa simu, kwake ikiwa saa kumi alfajiri, ameketi kwenye kile kiti kimoja.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Picha ninayojua ina maana naituma kama dokumenti, siyo kama picha. Njia hiyo haibani kitu, inafika kama ilivyotoka kwenye kamera. Chaguo la HD ni afadhali kuliko kawaida, lakini nalo linabana. Kwa kuwa dokumenti hubeba pia alama ya mahali ilipopigwa, nimezima hiyo alama kwenye mipangilio ya kamera. Kila Jumapili usiku nahamisha picha za wiki kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu iliyo ndani ya kikopo cha vifungo. Na kila Januari nachapa picha 20 za saizi ya kawaida, nazipeleka kwa mama, naye anaandika nyuma kwa kalamu ni nani na ni wapi. Wazee wanazipenda za kushika. Zile za simuni wanazitazama kwa heshima tu.

Desemba ya 2024 tulirudi. Mjomba alikuwa ameshaleta matofali. Anataka kubomoa jiko la zamani na kujenga la kisasa, na sina ubishi, moshi ule umeharibu macho ya watu. Asubuhi ya tarehe 24 niliingia. Wifi alikuwa amewasha moto kwenye mafiga ya nyanya na anakanda unga wa chapati, mtoto wake, sasa wa miaka minne, amelala kwenye gunia. Nilikaa nikamsaidia kukata matonge. Baadaye nikatoa simu.

Wifi aliinua macho. "Hiyo inaenda kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu peke yake," nikamwambia. "Ya mlango. Mtoto naweza kumwacha nje ya picha."

Alimtazama mwanawe, akamfunika miguu kwa leso. "Mwache tu. Baba yake mdogo hajamwona."

Nikausukuma mlango ukafunga. Jua lilikuwa limeshatoka. Moshi ulipanda polepole, na mishale ikajitokeza mmoja mmoja hadi ikavuka chumba kizima, mingine ikaangukia gunia. Nilipiga nne, nikaituma ile ya tatu kama dokumenti, na bando likaisha papo hapo.

Jibu niliona jioni, nilipopata mtandao kule barabarani. Alikuwa ameikuza, akaweka kiduara chekundu juu ya kila tundu na kulipa nambari yake.

"Nimehesabu 19," aliandika. "Tulipokuwa wadogo yalikuwa 17. Muulize mjomba ni nani aliyeongeza mawili, kabla hajaubomoa."